Kufundisha fasihi ya Kiswahili chuo kikuu: ubaki nyumbani au uende Ulaya na Marekani?

Nafasi nyingi za vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani zinazomtaka mtu wa Kiswahili si za fasihi, ni za lugha. Tangazo litasema “lugha, fasihi na utamaduni wa Waswahili”, lakini ukishafika, ratiba ndiyo itakayokupa habari kamili: Kiswahili cha mwaka wa kwanza asubuhi, Kiswahili cha mwaka wa pili mchana, na pengine mara moja kwa mwaka semina ya hadithi fupi kwa wanafunzi wanne au watano waliofikia kusoma ukurasa mzima bila kushika kamusi. Mtu aliyeandika tasnifu kuhusu usimulizi katika riwaya atakuwa akieleza, muhula baada ya muhula, kwa nini tunasema kiti hiki lakini mtu huyu.

Naliweka hili mbele kwa sababu wahitimu wa uzamili wanaouliza kama waende au wabaki huanza na mshahara. Mshahara nitaufikia. Kabla yake lipo swali la kazi yenyewe utakayokuwa ukiifanya Jumatatu hadi Ijumaa, na katika hilo nyumbani na ughaibuni hazikaribiani.

Upande mmoja naweka vyuo vikuu vya umma vya Tanzania na Kenya, upande wa pili Ujerumani na Marekani, ambako vyuo vinavyofundisha Kiswahili ni vingi. China, Japani na Uingereza nitazipitia kwa haraka. Anayefundisha fasihi ya Kiafrika kwa Kiingereza yuko katika soko lingine kabisa, naye nitamtengea aya yake.

Mlango wa kuingilia

Tanzania kipimo kinajulikana na hakina huruma. Anayeanza kama mkufunzi msaidizi anatakiwa kuwa na GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza. Mhadhiri msaidizi anatakiwa kuwa na hiyo 3.8 pamoja na uzamili wa 4.0. Ukiwa na 3.7 huitwi kwenye usaili, hata kama umeshachapisha diwani mbili na jina lako linasomwa redioni. Wapo wahakiki wazuri sana waliokatwa na desimali hiyo, na binafsi naona ni hasara kwa taaluma inayopima watu kwa wanavyosoma na kuandika. Lakini ukiingia, umeingia. Ajira hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na baada ya kuthibitishwa kazini unakuwa mtumishi wa kudumu mwenye pensheni. Kuanzia hapo kazi yako ni kupanda: mhadhiri ukipata uzamivu, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kati ya ngazi na ngazi kuna kawaida ya miaka mitatu hivi, na kigezo kikubwa ni machapisho.

Kenya ngazi ni zile zile, ila mlango umebana mahali pengine. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 vilifanya uzamivu kuwa sharti la kuitwa mhadhiri. Matokeo yake ni foleni. Wenye uzamili, na sasa hata wenye uzamivu, wengi hufundisha kwa mkataba wa kozi moja moja, wakizunguka vyuo viwili vitatu kwa matatu, huku wakidai malipo ya mihula iliyopita. Mtu anaweza kuitwa “daktari” na wanafunzi kwa miaka mingi bila kuwa na ofisi.

Ujerumani wengi huiona kama nchi ya utaratibu, na kweli utaratibu upo, ila si lazima ukupendelee. Sheria ya mikataba ya muda katika taaluma, ya mwaka 2007, inaruhusu chuo kikuajiri kwa mikataba ya muda kwa miaka sita kabla ya uzamivu na sita baada yake. Ikiisha, ama upate ajira ya kudumu ama uage. Na ajira ya kudumu kwa mtafiti maana yake hasa ni uprofesa, ambao kwa fasihi ya Kiswahili nchi nzima unahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wajerumani wenyewe wanaililia sheria hii: mwaka 2021 watafiti wao walijaza mitandao kwa alama ya #IchBinHanna kuipinga. Walimu wa lugha mara nyingine hupata mikataba ya kudumu, kwa kuwa wao hawahesabiwi kuwa wanajijenga kitaaluma. Usomaji wangu wa jambo hili ni kwamba mfumo unamhakikishia kazi yule aliyekubali kuiacha fasihi.

Marekani kuna njia mbili zisizokutana. Ya kwanza ni ile ya profesa msaidizi anayekaa katika majaribio kwa takriban miaka sita, kisha akatathminiwa: akifaulu ana kazi ya maisha, akishindwa anafungasha. Ya pili ni ya walimu wa lugha walio kwenye mikataba ya mwaka mmoja hadi mitatu inayohuishwa chuo kikiwa na wanafunzi na fedha. Walimu wengi wa Kiswahili wako njia ya pili, na kuhama kutoka ya pili kwenda ya kwanza ni nadra. Kuna pia mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, unaowapeleka vijana wa Tanzania na Kenya huko kwa miezi tisa. Ni mwaka mzuri wa kujifunza, lakini usiuhesabu kuwa mlango wa ajira. Visa yake ya J-1 huja na sharti la kurudi nyumbani kukaa miaka miwili kabla ya kuomba visa ya kazi ya H-1B.

Darasani

Hapa nitakaa kidogo.

Nyumbani darasa ni kubwa kupita kiasi. Kozi ya utangulizi wa fasihi katika chuo kikubwa cha umma huwa na wanafunzi mia kadhaa, wengi wao wa shahada ya ualimu, na ukumbi hauwatoshi. Mhadhiri anasema kwa kipaza sauti, wakufunzi wasaidizi wanagawana vikundi vya semina, na mwisho wa muhula zinakuja skripti kwa maboksi. Anayesema kusahihisha skripti mia tatu za insha ni sehemu ya wito hajawahi kuzisahihisha. Majibu yanafanana kwa sababu wengi wamesoma miongozo badala ya vitabu, na ifikapo skripti ya mia mbili hujui tena kama unasoma hoja ya mwanafunzi au unasoma mwongozo ule ule kwa mwandiko mwingine.

Lakini katika ukumbi ule ule, ukisoma ubeti mmoja wenye kijembe, watu mia mbili wanacheka kabla hujaeleza. Mwanafunzi kutoka Kagera ana babu aliyesikiliza enanga. Aliyetoka Pemba amekulia kwenye maulidi na tenzi. Wa Songea ana ngoma zake. Ukiwapa zoezi la fasihi simulizi wakati wa likizo wanarudi na rekodi za simu kutoka vijijini mwao, na katika rundo hilo kila mwaka kuna kitu ambacho hakijaandikwa na mtu yeyote. Katika semina za uzamili ubishi unaweza kuchukua saa mbili juu ya shairi moja, kwa Kiswahili, na tasnifu inaandikwa kwa Kiswahili hadi ngazi ya uzamivu. Ule mgogoro wa wanajadi na wanausasa kuhusu vina na mizani, uliopamba moto miaka ya 1970, sehemu yake kubwa ilipiganwa na watu wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wasomaji wa magazeti waliokuwa wakiwajibu kwa mashairi. Ubishi kama huo unahitaji umma unaojali. Ukiwa Leipzig unaweza kuuandikia makala nzuri sana, ila hutakuwa na wa kubishana naye kwenye daladala.

Ughaibuni darasa ni dogo, wanafunzi sita, kumi, kumi na wawili. Unawajua majina, unasoma kila walichoandika, unaona mtu akianza na “hujambo” na kumaliza mwaka akisoma habari za gazeti. Kwa mwalimu hiyo ni raha ambayo ukumbi wa watu mia nne hauwezi kuitoa. Fasihi, kwa kiasi kikubwa, wanaisoma kwa tafsiri, na mjadala unahamia kwenye mambo yanayovuka tafsiri: siasa, jinsia, historia ya Bahari ya Hindi, utumwa, uhamiaji. Maswali yao wakati mwingine ni mapya kweli, kwa sababu hawakufundishwa kwamba kitabu fulani “kinahusu” dhamira tano zinazotakiwa kwenye mtihani. Lakini mtindo, mahadhi, uteuzi wa msamiati, yaani vile vinavyoifanya fasihi kuwa fasihi, havifikiki katika darasa la aina hiyo.

Mzigo wa saa nao ulinganishe kwa makini. Ujerumani profesa hufundisha saa nane au tisa kwa wiki. Mwalimu wa lugha hufundisha kumi na mbili hadi kumi na nane, kutegemea jimbo na mkataba. Kwa hiyo yule anayesemekana “amekwenda Ulaya kufanya utafiti” mara nyingi anafundisha saa nyingi kuliko mwenzake aliyebaki Dodoma, ingawa skripti zake ni chache.

Mgawanyo huu wa kazi ni wa zamani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Alikuwa msomi na mwandishi, lakini alichotakiwa kukitoa pale kilikuwa hasa matamshi na mifano, huku uchambuzi ukibaki kwa Wazungu. Aliiacha kazi hiyo mwaka 1905 kwa sababu ya dharau za wanafunzi. Mambo yamebadilika sana tangu hapo. Mwandishi Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alipata uzamivu wake Leipzig, akafundisha Eldoret, akafundisha Osaka, Japani, kisha Bayreuth, Ujerumani, na hakuna aliyemwona kuwa mtoa mifano. Hata hivyo, katika idara nyingi mzawa wa lugha bado ndiye wa lugha, na asiye mzawa ndiye wa nadharia. Kama unakwenda, nenda ukilijua hilo.

Unaandika kwa nani, kwa lugha gani

Kwangu mimi hapa ndipo mizani inapolala upande mmoja.

Mhadhiri wa fasihi ya Kiswahili Dar es Salaam, Dodoma au Zanzibar anapanda cheo kwa makala za Kiswahili. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, ina jarida la Kiswahili na Mulika, na lipo pia Kioo cha Lugha. Istilahi za uhakiki tunazozitumia leo, kuanzia usimulizi na mwingilianomatini hadi upenyezi wa mwandishi, zimejengwa na watu walioandika kwa Kiswahili kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili, wakakosoana na kurekebishana.

Ukienda Ujerumani au Marekani, kamati itakayokupima haisomi Kiswahili. Utaandika kwa Kiingereza, na Ujerumani mikutano ya idara na barua zote zitakuwa kwa Kijerumani. Baada ya miaka kumi utakuwa na orodha ndefu ya makala ambazo mwalimu wa sekondari wa Njombe hawezi kuzifungua kwa sababu zinalipiwa, na akizifungua hatazisoma kwa sababu hazikuandikwa kwa ajili yake. Kuna njia za kupunguza hasara hiyo: Swahili Forum, jarida linalotolewa Ujerumani tangu 1994, hupokea makala za Kiswahili na linasomwa bure mtandaoni. Ila kasi yako ya kuandika Kiswahili itapungua. Nimewaona watu wenye kalamu kali wakirudi na Kiswahili kilichonyooka kupita kiasi, sentensi zimekaa sawa lakini hazina chumvi.

Sasa niseme haki ya upande wa pili. Kule kuna muda na kuna vitabu. Maktaba inakupa makala yoyote kwa dakika moja, chuo kinalipia safari ya kongamano, na likizo ya utafiti ipo kwa walio kwenye ngazi zake. Bayreuth wamekuwa wakiandaa Kongamano la Kiswahili kila mwaka tangu 1987, na waliolihudhuria wanajua mtu anavyojifunza kwa siku tatu pale. Miswada yetu ya kale yenye hati za Kiarabu iko kwa wingi SOAS, chuo cha taaluma za Asia na Afrika cha London, ingawa mingi sasa inaonekana bure mtandaoni, kwa hiyo hoja ya kwamba lazima uende London kuisoma imepungua nguvu. Nyumbani mhadhiri anaandika makala usiku, baada ya madarasa ya jioni, vikao, usimamizi wa tasnifu kumi na tano na msiba wa jirani. Wengine hawaandiki kabisa na hubaki wahadhiri hadi wanastaafu.

Jambo jingine linalowahusu zaidi Wakenya ni vitabu teule. Riwaya au tamthilia ikiteuliwa kwa ajili ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inaingia mikononi mwa watahiniwa wanaokaribia milioni moja kwa mwaka. Hakuna chuo cha Ulaya kitakachompa mwandishi wa Kiswahili wasomaji kama hao. Wahadhiri kadhaa wa Nairobi na Eldoret wamejenga nyumba kwa riwaya, wengine kwa miongozo. Na kwa kuwa mtaala mpya umeifanya Fasihi ya Kiswahili kuwa somo la kuchagua katika sekondari ya juu, iliyoanza na Gredi ya 10 mwaka 2026, walimu wa somo hilo watahitaji kufundishwa na mtu.

Fedha

Ujerumani mishahara ya vyuo vikuu iko wazi kwenye jedwali. Ngazi ya E13, ambayo ndiyo ya mtafiti au mwalimu mwenye uzamili na kuendelea, huanzia zaidi ya euro 4,000 kwa mwezi kabla ya makato. Yakitoka makato ya kodi, bima ya afya na pensheni, mtu asiye na familia hubaki na kama sita katika kila kumi. Angalia pia kama nafasi ni nzima: nyingi za wanaosomea uzamivu hutangazwa kwa asilimia 50 au 65, na tangazo lililokusisimua kumbe ni nusu mshahara kwa kazi ambayo saa zake hazitapungua nusu. Marekani viwango vinapishana sana kati ya chuo na chuo. Kule ukumbuke kuuliza kama mshahara ni wa miezi tisa au kumi na miwili, kwa sababu majira ya joto yanaweza kukukuta huna kipato huku pango linaendelea.

Tanzania mshahara ni mdogo ukiugeuza kuwa euro, lakini unaingia. Mhadhiri huongezea kwa kufundisha saa za ziada chuo kingine, kuhariri, kutafsiri, utafiti wa kulipwa. Baada ya miaka kadhaa ana kiwanja Goba au Mapinga na nyumba inayopanda kidogo kidogo. Kustaafu kumesogezwa hadi miaka 65 kwa maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma. Kenya mshahara kwenye karatasi ni mkubwa kuliko wa Tanzania, lakini karatasi imekuwa na vita vyake. Kati ya Septemba na Novemba 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa wiki saba wakidai shilingi bilioni 7.9, malimbikizo ya makubaliano ya 2017 hadi 2021. Ukipewa barua ya ajira Kenya, waulize walioko ndani mshahara na makato ya bima na mkopo vinafika lini, usiwaulize ni kiasi gani.

Aliye nje asidhani ameikimbia michango. Magrupu ya WhatsApp ya harusi na misiba yatamfuata, na kadirio lake litapandishwa kwa kuwa yuko Ulaya.

Uthabiti

Watu huamini kazi ya nje ni imara na ya nyumbani ni ya kubahatisha. Kwa Kiswahili nadhani ni kinyume. Huko nje somo letu linaishi kwa idadi ya wanafunzi waliojiandikisha na kwa fedha za mipango maalumu. Marekani, ufundishaji wa lugha kama Kiswahili uliinuliwa na sheria ya ulinzi na elimu ya mwaka 1958, iliyotungwa kwa hofu ya Warusi baada ya Sputnik, na fedha za aina hiyo zimekuwa zikiwalipa walimu na wanafunzi tangu wakati huo. Mwaka 2025 serikali ilizikata. Septemba ya mwaka huo huo ikatangazwa ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya visa ya H-1B. Chuo kinachotafuta mwalimu wa Kiswahili wa wanafunzi tisa hakitailipa.

Nyumbani Kiswahili ni somo la lazima sekondari, walimu wanahitajika, na kwa hiyo idara ya Kiswahili huwa miongoni mwa zenye wanafunzi wengi katika sayansi za jamii na insia. Wahitimu kukosa ajira ni tatizo kubwa na linavunja moyo darasani, lakini halijaifunga idara.

Kuhusu uhuru wa kusema, historia ya Nairobi inajulikana: Ngũgĩ wa Thiong’o, mkuu wa Idara ya Fasihi, alitiwa kizuizini siku ya mwisho ya 1977, na alipotoka mwaka uliofuata hakurudishiwa kazi. Wengi wa kizazi kile waliondoka kwa sababu hiyo, hawakufuata mshahara. Hali ya leo si ile, ingawa kila mhadhiri anajua mada ambazo huzungumzwa kwa mafumbo. Fasihi ya Kiswahili, kwa bahati, ina mafumbo ya kutosha.

Nyumba na watoto

Nitasema machache kwa sababu kila nyumba ina yake. Mwenza muuguzi atapata kazi Ujerumani haraka kuliko wewe. Mwenza wakili wa Dar es Salaam atakaa miaka akisoma lugha na hatarudi mahakamani. Watoto watasoma vizuri na Kiswahili chao kitabaki cha kuelewa bila kujibu. Ni jambo la ajabu kidogo kwa mzazi anayelipwa kwa kufundisha lugha hiyo hiyo kwa watoto wa wengine.

Wa Kiingereza, na wa kwingineko

Anayefundisha fasihi ya Kiafrika kwa Kiingereza nampa ushauri tofauti. Huko nje yeye hatawekwa kwenye Kiswahili cha mwaka wa kwanza. Atashindana na watu kutoka Lagos, Delhi na Port of Spain, na ushindani huo ni mkali, lakini akipata nafasi atafundisha fasihi kweli. Abdulrazak Gurnah alifundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent, akawa profesa wa Kiingereza na fasihi za baada ya ukoloni, akistaafu kabla ya kupata Nobeli ya Fasihi ya 2021. Kwa mtu wa njia hiyo mizani inaweza kuegemea nje.

China vyuo vya Beijing vimefundisha Kiswahili tangu miaka ya 1960. Mkataba huwa wa mwaka mmoja mmoja, na wanafunzi wanakamata lugha kwa kasi ya kushangaza. Fasihi ni kidogo. Ni mahali pa miaka miwili, si pa maisha. Japani nafasi ni chache mno. Uingereza ina miswada na majina makubwa, lakini idara za lugha za Kiafrika zimekuwa zikipungua. Karibu zaidi, Botswana ilimchukua Euphrase Kezilahabi kutoka Dar es Salaam katika miaka ya 1990, akafundisha huko hadi uzeeni bila kuacha kuwa mwandishi wa Kiswahili. Wanaosahau kusini mwa Afrika wanapopanga safari wanakosea. Na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, inamfaa anayetaka tenzi na wenye tenzi mahali pamoja.

Ningekuwa na barua mbili mkononi

Kama umemaliza uzamili na alama zako zinatosha, tafuta ajira nyumbani kwanza, kisha nenda nje kusomea uzamivu ukiwa na ruhusa ya masomo. Vyuo vya Ujerumani kwa jumla havitozi ada ya uzamivu, DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, hutoa ufadhili, na Bayreuth ina shule ya uzamivu ya taaluma za Kiafrika tangu 2007. Utapata maktaba na muda ukiwa na kiti kinachokusubiri. Utatia saini ya kurudi kutumikia chuo, na masharti hayo yasome mapema: ni miaka mingapi, na ukikatisha unarudisha kiasi gani.

Kama umeshamaliza uzamivu na nyumbani hakuna nafasi, pokea mkataba wa nje bila kuona haya, ila uwekee kikomo kabla ya kupanda ndege. Mimi ningeweka miaka minne. Zaidi ya hapo machapisho yako yatakuwa ya ufundishaji wa lugha, na kamati ya nyumbani itakuuliza fasihi ilikwenda wapi.

Kama ni mhadhiri mwandamizi mwenye wanafunzi wa uzamivu, usihame. Toka kwa miezi mitatu, sita, mwaka, kwa ufadhili wa DAAD, Humboldt au Fulbright, uandike, urudi.

Popote utakapopokea barua ya nje, kabla ya kuijibu waombe wakutumie ratiba ya ufundishaji ya mtu utakayemrithi kwa miaka miwili iliyopita. Hesabu kozi za fasihi zilizomo. Zikiwa sifuri, omba moja kwa mwaka iandikwe kwenye mkataba wenyewe, kwa sababu ahadi ya mkuu wa idara huondoka naye. Uliza pia kama makala za Kiswahili zinahesabiwa wakati wa kuhuisha mkataba, nani analipia visa ya familia, na mkataba unaisha mwezi gani. Ukiisha Julai na shule za watoto zikianza Septemba, utajua la kuuliza tena.